Tessema: Mhabeshi aliyeipigania Afrika hadi Kombe la Dunia

Kwa Kombe la Dunia 2026, Afrika imepewa nafasi tisa za moja kwa moja. Mwaka 1966 haikuwa na hata moja. Ukiuliza nani walipigania hizo nafasi, jina la Ydnekatchew Tessema haliwezi kukosa.

Alizaliwa Jimma, Ethiopia, mwaka 1921. Akasakata kabumbu Saint George ya Addis Ababa na timu ya taifa, kisha akageuka kocha. Mwaka 1962 aliipa Ethiopia ubingwa wa Afrika nyumbani kwao, kwa kuichapa Misri 4-2 katika fainali ya dakika 120.

Ila shughuli yake kubwa ilikuwa mezani. Alikuwa miongoni mwa walioanzisha Shirikisho la Soka Afrika (CAF) mwaka 1957, likiwa na nchi nne tu: Misri, Sudan, Ethiopia na Afrika Kusini. Mtihani ukaja mapema. Afrika Kusini ilikataa kuleta kikosi cha wachezaji wa rangi zote, ikawekwa kando. Michuano ya kwanza, Khartoum, ikachezwa na timu tatu.

Uhuru ulipoanza kupatikana, wanachama wakamiminika. Huyu Kifaransa, yule Kiingereza, mwingine Kiarabu, na kila mmoja na lake. Hata hivyo, FIFA ilipotaka bingwa wa Afrika apite kwanza kwenye mchujo na mabara mengine ndipo aende Uingereza 1966, Tessema na Ohene Djan wa Ghana wakaongoza mgomo. Afrika ikasusa. Iliwauma zaidi Ghana, waliokuwa mabingwa wa bara. Lakini mwaka 1970 Morocco ilikwenda Mexico kwa tiketi ya Afrika yenyewe.

Tessema alichukua urais wa CAF mwaka 1972. Miaka miwili tu baadaye, wanajeshi wakampindua Mfalme Haile Selassie nchini kwake. Serikali ikabadilika, yeye akabaki kwenye kiti. Mwaka huohuo kura za Afrika zilimsaidia Joao Havelange kumng'oa Stanley Rous FIFA. Mwaka 1976 Afrika Kusini ikafukuzwa FIFA, na mwaka 1982 Afrika ikapeleka timu mbili Hispania: Algeria na Cameroon.

Si kwamba kila kitu kilikwenda alivyotaka. Kanuni ya kila taifa kutumia wachezaji wawili tu wa nje kwenye Kombe la Mataifa ililenga kulinda soka la nyumbani. Vipaji vilipojaa Ulaya, kanuni ikawa mzigo, ikafutwa akiwa bado rais. Pale alikubali kulegeza. Suala la ubaguzi wa rangi hakulegeza hata siku moja.

Alifariki Agosti 1987 akiwa bado madarakani, Afrika Kusini ikiwa bado nje. Miaka tisa baadaye, mwaka 1996, nchi hiyo iliandaa Kombe la Mataifa na kulitwaa, weusi na weupe wakiwa kikosi kimoja. Ndicho alichokitaka tangu Khartoum, ila hakuwahi kukiona.