Imam Seif bin Sultan: maji, mitende na wingi wa watu

Katika Afrika Mashariki, Imam Seif bin Sultan anakumbukwa kwa vita vya Mombasa. Majeshi yake ndiyo yaliyowang'oa Wareno katika Ngome ya Yesu mwezi Desemba mwaka 1698, baada ya mzingiro wa karibu miaka mitatu. Kwao Oman, jina lake linatajwa pia kwa jambo jingine: maji.

Seif alizaliwa katika nasaba ya Yaarubi. Baba yake, Imam Sultan bin Seif, aliwafukuza Wareno Maskati mwaka 1650 na kujenga ngome kubwa ya mviringo ya Nizwa. Uimamu ulirithiwa na ndugu yake, Bil'arab, aliyejenga kasri ya Jabrin karibu na Bahla. Ndugu hao wakagombana, Bil'arab akafariki akiwa amezingirwa Jabrin, na mwaka 1692 Seif akabaki mtawala pekee.

Nchi aliyoirithi ilikuwa na mvua haba. Miji kama Nizwa na Ibra iliishi kwa falaj, mfereji unaoleta maji kutoka chini ya ardhi au kwenye chemchemi hadi mashambani bila mashine yoyote, na maji hayo hugawiwa kwa zamu. Mji usingeweza kulisha watu kupita kiasi cha maji yake. Waliozidi walihama, na wengi walipanda majahazi na kufuata kaskazi hadi pwani ya Waswahili.

Jibu la Seif lilikuwa kuongeza maji na kuwatawanya watu. Wanahistoria wa Oman wanaeleza kwamba alichimba au kufufua mifereji 17, akapanda mitende 30,000 na minazi 6,000. Aliwahimiza pia watu wa bara wahamie pwani ya Batina. Kwa kazi hiyo aliitwa Qaid al-Ardh, yaani pingu ya ardhi.

Lakini neema hiyo ilikuwa na gharama yake. Sehemu ya kazi ya mashambani ilifanywa na watumwa, wakiwemo waliotolewa Afrika Mashariki, na mitende mingi ikawa mali ya imam mwenyewe. Seif alifariki mwaka 1711 na kuzikwa Rustaq. Baada ya kifo cha mwanawe, ugomvi wa urithi uliigawa nchi, na vita vikaharibu mengi yaliyojengwa.

Suala alilokabiliana nalo bado linajadiliwa duniani. Mwaka 1798 Thomas Malthus wa Uingereza alidai kuwa watu huongezeka haraka kuliko chakula. Mwaka 1965 Ester Boserup wa Denmark alipinga, akisema kuwa wingi wa watu ndio unaowasukuma wakulima kubuni mbinu mpya. Maisha ya Seif yanampa kila mmoja wao ushahidi: mifereji mipya ilipanua riziki, lakini ukame ulikuwa umekwisha kuwahamisha wengi.

Oman ya leo imepita njia zote mbili. Mwaka 1994, mwaka wa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu idadi ya watu uliofanyika Cairo, serikali ilianzisha mpango wa kupisha nafasi baina ya uzazi. Hata hivyo wakazi, wakiwemo wageni wengi waliokwenda kufanya kazi, waliongezeka kutoka takriban milioni 2 mwaka 1993 hadi karibu milioni 4.5 mwaka 2020. Pampu zilizoenea tangu miaka ya 1970 zimevuta maji mengi mno huko Batina, hata maji ya bahari yakaingia visimani na kuutia udongo chumvi, katika pwani ile ile aliyoipanda Seif.

Falaj haiwezi kutoa zaidi ya kile ambacho ardhi inakipata, pampu huweza. Takriban mifereji 3,000 bado inatumika nchini humo, na mwaka 2006 UNESCO iliingiza mitano katika orodha ya urithi wa dunia. Miongoni mwake ni Daris wa Nizwa, Jila ulioko upande wa Sur, na Muyassar wa Rustaq, mji alikozikwa Seif.