Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyefuata nyayo za uvimbe wa taya

DENIS Parsons Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, Februari 28, 1911. Akiwa na umri wa miaka 11 alipigwa jiwe, akapoteza jicho moja. Lililosalia liliona mambo ambayo wenye mawili waliyapita.

Baada ya kuhudumu Kenya na Somalia akiwa daktari wa jeshi, alihamia Uganda mwaka wa 1946. Mwaka wa 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa amtazame mvulana aliyevimba taya pande zote. Majuma machache baadaye, mjini Jinja, akamwona msichana mwenye uvimbe uo huo usoni, na mwingine tumboni. Alipopekua kumbukumbu za hospitali alitambua kwamba uvimbe uliokuwa ukiitwa majina mbalimbali ulikuwa ugonjwa mmoja. Kisu cha mpasuaji hakikufaa kitu: taya lilikatwa na mtoto akafa.

Oktoba 1961, Burkitt na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, walipanda gari kuukuu lililonunuliwa kwa pauni 250. Kwa majuma 10 walisafiri takriban kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine iwapo zimewahi kuuona uvimbe huo. Ramani yao ilionyesha mpaka wa ajabu: karibu na ikweta, ugonjwa ulikuwa adimu mahali palipozidi mwinuko wa mita 1,500 hivi.

Mwenyeji wa Homa Bay au Migori hahitaji kuelezwa sana. Ziwa Viktoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, penye joto na mbu. Apandapo kuelekea mji wa Kisii, anauvuka mpaka huo.

Sampuli alizopeleka London zilimwezesha Anthony Epstein na wenzake kugundua virusi mwaka wa 1964. Leo inajulikana kwamba virusi hivyo, vikishirikiana na malaria ya mara kwa mara, huchangia kuzigeuza limfositi B, ambazo ni askari wa kinga ya mwili, kuwa saratani. Chini ya hadubini seli hizo huonekana zimejaa matone ya mafuta, na baina yake zimetapakaa makrofaji, seli kubwa za kinga zinazomeza zilizokufa. Burkitt hakulishughulikia suala hilo la mafuta. Watafiti wa sasa ndio waliobaini, katika saratani kadhaa, kwamba makrofaji zilizoshiba mafuta huweza kuacha kuushambulia uvimbe, hata zikausaidia kukua.

Yeye aliweka kisu chini, akajaribu dawa. Baadhi ya watoto walipona kabisa kwa dozi chache, jambo lililokuwa nadra mno kwa saratani enzi hizo.

Alirejea Uingereza mwaka wa 1966, akajulikana zaidi kwa kuhimiza ulaji wa vyakula visivyokobolewa. Alifariki Machi 23, 1993, mjini Gloucester, akiwa na umri wa miaka 82.

Watoto wa Homa Bay na Migori wangali wanaupata ugonjwa huo, na wengi hulazimika kupelekwa Kisumu kwa matibabu. Uvimbe wenyewe waweza kuongezeka maradufu kwa siku 1 au 2.