Leo Fender: Fundi redio aliyebuni besi ya umeme ya Precision

Mmarekani Leo Fender, aliyezaliwa Agosti 10, 1909, hakujua kupiga gitaa. Alikuwa fundi redio mjini Fullerton, California, mwenye jicho moja. Mwaka 1951 alitoa Precision, besi ya umeme iliyowatua wapigaji mzigo wa lile besi kubwa la kusimama.

Aliuza kampuni yake mwaka 1965 kwa dola milioni 13. Mwaka 1976 Music Man, kampuni aliyoiongoza baadaye, ilitoa StingRay, yenye kikuza sauti ndani kinachotumia betri ya volti 9. Wewe unayevusha besi ya namna hiyo Busia kuipeleka Kampala, usikubali kuambiwa imekufa kabla hujabadilisha betri. Na usiiache waya umechomekwa. Waya ndio swichi, betri itaendelea kutumika usiku kucha wa kuamkia soko.

Fender alifariki dunia Machi 21, 1991, akiwa bado anabuni magitaa katika kampuni yake ya tatu, G&L.