Lawrence wa Arabia: mpenda pikipiki ambaye kifo chake kilifungulia kaske njia

Thomas Edward Lawrence, Mwingereza anayejulikana ulimwenguni kwa jina la Lawrence wa Arabia, alikufa tarehe 19 mwezi wa tano 1935, siku sita baada ya kuanguka na pikipiki yake. Alikuwa na umri wa miaka 46. Risasi za vita vya jangwani hazikumuua. Aliuawa na barabara ya kijijini, karibu na nyumba yake, akiwa hana kaske kichwani.

Lawrence alizaliwa 1888 huko Tremadog, Wales. Alisoma historia kwenye chuo kikuu cha Oxford, kisha akaenda kuchimbua magofu ya mji wa kale wa Carchemish, mahali ambapo leo ni mpaka wa Uturuki na Syria. Wakati wa vita kuu ya kwanza ya dunia, jeshi la Uingereza lilimtuma kwa Waarabu waliokuwa wameasi utawala wa Waturuki. Alishambulia reli pamoja nao, akashiriki katika kutekwa kwa Aqaba 1917, na 1918 akaingia Damascus.

Vita vilipoisha, sifa zilimlemea. 1922 alijiandikisha katika jeshi la anga kama askari wa kawaida, kwa jina la uongo la John Hume Ross. Magazeti yalipomgundua aliondolewa, akaingia kikosi cha vifaru kwa jina la Shaw, na 1925 akarudi jeshi la anga. Huko alisaidia kutengeneza mashua za mwendo wa kasi za kuwaokoa marubani walioanguka baharini.

Lakini furaha yake kubwa ilikuwa barabarani. Alimiliki pikipiki saba za Brough Superior, zilizotengenezwa na George Brough mjini Nottingham, na ya nane ilikuwa imeagizwa alipokufa. Aina ya SS100 iliuzwa na hakikisho kwamba inafikia maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160. Wengi waliilinganisha na gari la Rolls-Royce. Lawrence aliipa pikipiki yake jina la Boanerges, lile ambalo Yesu aliwapa Yakobo na Yohana, wana wa ngurumo. Siku moja alishindana nayo na ndege ya kijeshi iliyokuwa ikiruka juu ya barabara.

Tarehe 13 mwezi wa tano 1935, miezi michache tu baada ya kuacha jeshi, alitoka kambi ya Bovington, alikokuwa amekwenda kutuma telegramu. Njiani kuelekea nyumbani kwake Clouds Hill, barabara inashuka bondeni na kuficha kilicho mbele. Ghafla aliwakuta vijana wawili wakiendesha baiskeli. Alijaribu kuwakwepa, akarushwa mbele ya pikipiki na kuumia vibaya kichwani. Hakuzinduka tena. Winston Churchill alikuwa miongoni mwa waliohudhuria mazishi yake kijijini Moreton.

Kati ya madaktari walioitwa kumhudumia alikuwemo Hugh Cairns, mzaliwa wa Australia na mpasuaji wa ubongo. Hawakuweza kumwokoa. Miaka michache baadaye vita kuu ya pili ilianza. Taa za barabarani zikazimwa kwa hofu ya ndege za adui, na askari waliopeleka barua kwa pikipiki wakawa wanakufa kwa wingi. Cairns alichunguza vifo hivyo, na 1941 akaandika katika jarida la madaktari wa Uingereza kwamba katika miezi 21 ya kwanza ya vita, waendeshaji wa pikipiki na abiria wao 2279 walikuwa wameuawa barabarani, wengi kwa majeraha ya kichwa. Kati ya majeruhi aliowaona mwenyewe, saba tu walikuwa wamevaa kaske, na wote saba walipona.

Mwezi wa kumi na moja mwaka huohuo, jeshi la Uingereza liliwalazimisha askari wake wa pikipiki wavae kaske wakiwa kazini. Vifo vikaanza kupungua, na 1946 Cairns alichapisha hesabu zilizoonyesha hivyo.

Kwa raia wa kawaida, sheria hiyo ilichelewa: ilianza kutumika Uingereza 1973. Cairns alikuwa ameshafariki tangu 1952, na Lawrence alikuwa na miaka 38 kaburini.