Alzheimer: Daktari aliyeona mafundo ndani ya ubongo

JINA lake hutajwa hospitalini kila siku, lakini ukiwauliza vijana wengi Alzheimer ni nani, watakwambia huo ni ugonjwa wa wazee. Kumbe alikuwa mtu!

Alois Alzheimer alizaliwa Juni 14, 1864, katika mji mdogo wa Marktbreit, Ujerumani. Alisomea udaktari, na mnamo 1888 akaanza kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili jijini Frankfurt. Akitoka kwa wagonjwa, anakimbilia hadubini.

Mwaka wa 1901 alifiwa na mkewe, Cecilie. Mwaka huo huo akaletewa mgonjwa kwa jina Auguste, mwanamke wa miaka 51 tu. Akiulizwa jina la mumewe, alitaja lake mwenyewe. Sasa hapo utasingizia uzee? Alzheimer aliketi naye, akamuuliza maswali na kuandika kila jibu. Hata alipohamia Munich hakumsahau.

Auguste alipofariki Aprili 1906, daktari huyo aliletewa ubongo wake. Aliukata vipande vyembamba, akavitia rangi yenye madini ya fedha, akachungulia. Ndani ya seli aliona nyuzi zimejisokota mafundo mafundo.

Novemba 3, 1906, aliwaeleza madaktari wenzake mjini Tübingen. Wapi! Hakuna aliyeuliza swali hata moja. Ni mkubwa wake, Emil Kraepelin, aliyeupa ugonjwa huo jina la Alzheimer kitabuni mnamo 1910.

Alzheimer aliaga dunia Desemba 19, 1915, akiwa na miaka 51, umri ule ule wa Auguste walipokutana. Hakujua nyuzi zile zilikuwa nini.

Wanasayansi walipata jibu miaka ya 1980: ni protini iitwayo tau. Seli ya ubongo ina kiunzi cha mirija midogo sana inayosafirisha mahitaji yake. Tau huishikilia mirija hiyo, kama kamba zinazofunga fito za nyumba ya udongo. Katika ugonjwa huu kamba hufunguka na kujisokota zenyewe, fito zikalegea, usafiri ukakwama na seli ikafa.

Mpaka leo hakuna dawa ya kuuponya. Kwa hivyo nyanya akianza kukuita kwa jina la mjomba wako, usimcheke, wala usikubali aitwe mchawi. Mpeleke kwa daktari, kisha keti naye umsikilize.