Rudolf Diesel: mtu aliyeipa moteri pumzi

Wandugu wachimbaji, jina lake tunalitaja kila siku bila kumjua. Rudolf Diesel alizaliwa Paris mwaka 1858, wazazi wake Wajerumani. Vita ya 1870 ikawafukuza, wakakimbilia London na mizigo kidogo. Sisi watu wa Kivu tunajua ile safari. Kijana akatumwa Ujerumani, akasoma, akawa injiniere.

Wazo lake lilikuwa hili: moteri ivute kwanza hewa peke yake, iikandamize mpaka iwe moto sana, ndipo mafuta yaingie na kuwaka yenyewe, bila buji. Mwaka 1893 moteri ya majaribio haikufaulu. Hakuacha. Mwaka 1897, kule Augsburg, ikafanya kazi vizuri, kwa mafuta kidogo. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 akapotea katika meli akienda Uingereza. Maiti yake ilionekana baharini siku chache nyuma.

Alituachia fundisho: nguvu ya moteri inaanzia kwenye hewa. Huku kwetu milimani hewa ni nyepesi tayari. Bomba la kuvutia likiwa jembamba, lenye kona nyingi, ao filitre ikijaa vumbi, moteri inakosa pumzi: moshi mweusi, mazutu mingi, nguvu kidogo. Na ule moshi ukiingia shimoni, unaua.

Ndiyo maana tunadai: filitre isafishwe, na moteri ikae mbali na mdomo wa shimo. Mashini inataka hewa safi. Mchimbaji pia.