Abraham Lincoln: Kijana Ambaye Watu Wake Hawakumwacha Peke Yake

Mama au mlezi, mtoto wako akikwambia amechoka kuishi, utakaa umsikilize au utamwambia aache mchezo? Wengi wetu tunadhani ni hasira tu, au ni utoto. Lakini kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kujiua ni chanzo cha tatu cha vifo kwa vijana wa miaka 15 hadi 29.

Leo tujifunze kupitia maisha ya mtu ambaye wengi tulimsoma shuleni. Abraham Lincoln alikuwa Rais wa 16 wa Marekani, anayekumbukwa kwa kupigania mwisho wa utumwa. Kabla ya kufika huko, alikuwa kijana ambaye mara mbili watu wa karibu waliogopa kwamba angejiua.

Utoto wenye misiba

Lincoln alizaliwa tarehe 12 Februari 1809, katika kibanda cha magogo huko Kentucky. Baadaye familia ilihamia Indiana. Mwaka 1818, akiwa na miaka 9, mama yake Nancy alifariki kwa ugonjwa uliotokana na maziwa ya ng'ombe waliokula mmea wenye sumu. Dada yake Sarah, mwenye miaka 11, ndiye aliyebaki kupika na kutunza nyumba.

Mwaka uliofuata baba yake alioa mjane, Sarah Bush Johnston, aliyekuja na watoto wake watatu. Mama huyu wa kambo aliwalea wote pamoja na akamtia moyo Abraham kusoma vitabu. Walipendana hadi mwisho wa maisha ya Lincoln. Lakini misiba haikuishia hapo. Mwaka 1828 dada yake naye alifariki wakati wa kujifungua.

Si kila mtoto aliyefiwa atakuja kupata sonona. Hata hivyo, msiba mpya unaweza kutonesha kidonda cha zamani. Ndivyo ilivyokuwa kwake.

Mara ya kwanza: mwaka 1835

Akiwa na miaka 26, Lincoln aliishi katika kijiji cha New Salem, Illinois. Mwezi Agosti homa ilimuua Ann Rutledge, binti ambaye, kwa simulizi za majirani, walikuwa wakipendana. Lincoln akabadilika. Akawa mtu wa kutembea peke yake, na mvua ikinyesha hali yake ilizidi kuwa mbaya, kwa kuwaza kwamba inanyeshea kaburi la Ann. Akafikia hatua ya kuzungumzia kujiua.

Majirani waliyachukua maneno hayo kwa uzito. Walimwangalia kwa karibu, na mzee mmoja wa kijiji, Bowling Green, pamoja na mkewe Nancy, wakamchukua akae nyumbani kwao kwa muda. Kidogo kidogo alipata nguvu na kurudi kwenye kazi zake.

Mara ya pili: mwaka 1841

Miaka mitano baadaye Lincoln alikuwa wakili na mbunge wa jimbo, mjini Springfield. Kwa nje alionekana amefanikiwa. Lakini uchumba wake na Mary Todd ulikuwa umevunjika, na rafiki yake mkubwa, Joshua Speed, alikuwa karibu kuhama. Januari 1841 Lincoln alidhoofika, akakosa vikao vya bunge na kulazimika kumwona daktari.

Speed alifanya mambo mawili ya maana sana. Kwanza, aliondoa nyembe na visu karibu na Lincoln. Pili, alizungumza naye waziwazi kuhusu kifo. Lincoln alimjibu kwamba haogopi kufa, ila hajafanya lolote la kuwafanya watu wakumbuke kwamba aliwahi kuishi. Ndani ya maneno hayo ya kukata tamaa kulikuwa na jambo lililokuwa bado linamshikilia. Lisingejulikana kama asingepata mtu wa kuzungumza naye.

Mwezi Agosti mwaka huohuo Lincoln alisafiri hadi nyumbani kwa akina Speed, karibu na Louisville, akakaa wiki kadhaa. Lucy, mama yake Joshua, alimpokea kwa upendo na kumpa Biblia. Mwaka uliofuata Speed ndiye aliyelemewa na hofu kuhusu ndoa yake, na Lincoln akawa wa kumwandikia barua za kumtia moyo. Novemba 1842 Lincoln naye alimuoa Mary Todd.

Huzuni ilirudi, lakini aliishi

Lincoln hakupona huzuni moja kwa moja. Mwaka 1862, akiwa rais, alifiwa na mtoto wake Willie mwenye miaka 11. Desemba mwaka huo alimwandikia barua binti wa rafiki yake aliyeuawa vitani. Alimhakikishia kwamba ingawa sasa haamini, siku itakuja atakapojisikia nafuu. Aliyajua hayo kwa kuyapitia. Tarehe 1 Januari 1863 alitia saini tangazo la kuwapa uhuru watumwa katika majimbo yaliyoasi, na baadaye akamkumbusha Speed mazungumzo yao ya mwaka 1841. Aliuawa kwa kupigwa risasi Aprili 1865, akiwa na miaka 56.

Si lazima mtoto wako aje kuwa rais ndipo maisha yake yawe na thamani. Anastahili kulindwa kwa sababu ni mtoto wako.

Dalili za kuangalia

- Kuzungumzia kufa, au kusema yeye ni mzigo kwa wengine.
- Kujitenga na kuacha mambo aliyoyapenda.
- Kubadilika ghafla kwa usingizi, ulaji au hasira.
- Kugawa vitu vyake vya thamani au kuaga watu.
- Hali hizi kutokea baada ya msiba, kuachwa na mpenzi, kufeli mtihani, mimba au kufanyiwa ukatili.

Ufanye nini?

- Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi humpa nafuu.
- Msikilize bila kumgombeza, kumhubiria au kumlinganisha na wengine. Hata mvulana ana haki ya kulia.
- Ondoa au fungia dawa za kuulia wadudu, dawa za mifugo, vidonge na vitu vyenye makali. Hamu ya kujiua mara nyingi hupanda kisha hushuka, na kukosa kitu cha kujidhuru karibu kunaweza kuokoa maisha.
- Kama hatari ni ya sasa hivi, usimwache peke yake. Mpeleke kituo cha afya au hospitali mara moja.
- Akirudi nyumbani, endelea kumfuatilia. Mshirikishe shangazi, mjomba au mwalimu anayemwamini.

Na kama tayari umempoteza mtoto kwa njia hii, usijihukumu. Dalili hazionekani kila mara. Nawe unahitaji mtu wa kukaa nawe. Fika kituo cha afya kilicho karibu, uzungumze na muuguzi.